Habari na tuzo za mwisho wa mwaka katika tasnia ya kioo: anayetajwa jukwaani na anayebaki tanurini

Mchanga na Magadi (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila mwaka unapokaribia ukingoni, tasnia ya kioo nayo hufungua daftari lake, ikahesabu yaliyofanyika na kutangaza majina ya waliostahili kupongezwa. Nimezifuatilia taarifa hizo kwa muda mrefu, mwanzoni kwa kuwa kazi ilinilazimu na baadaye kwa mazoea tu, na leo naomba nitoe hoja moja ambayo imekuwa ikinikereketa: pongezi za tasnia hii huchelewa mno, na zikifika humwangukia mtu mmoja, ilhali kioo ni kazi ya watu wengi wanaopokezana zamu mbele ya moto usiozimwa. Nitatoa mifano, kisha mnikosoe.

Nianze na Desemba 2009, Desemba iliyokipa kioo heshima kubwa kuliko zote ninazozikumbuka. Mwezi huo, mjini Stockholm, Charles Kao alitunukiwa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi yake kuhusu upitishaji wa mwanga katika nyuzi za kioo, hizi ambazo sote tunaziita faiba. Kazi yenyewe ilichapishwa mwaka 1966, na aliiandika pamoja na mwenzake George Hockham walipokuwa katika maabara ya Standard Telecommunication Laboratories huko Harlow, Uingereza. Wakati ule mwanga uliotiwa kwenye ncha moja ya uzi wa kioo ulikuwa unakwisha kabla haujafika popote, na wengi waliamini kwamba kioo chenyewe ndicho kinachoumeza. Kao na Hockham walikataa. Walisema kinachoumeza mwanga ni uchafu uliomo ndani ya kioo, hasa chembe za chuma na metali nyingine, na kwamba iwapo uchafu huo ungeondolewa hadi upotevu ukashuka chini ya desibeli 20 kwa kilomita, watu wangeweza kuwasiliana kwa mwanga.

Desibeli 20 maana yake ni kwamba, katika kila sehemu 100 za mwanga unaoingia, ni sehemu 1 tu inayotoka baada ya kilomita moja. Kwa masikio ya mtu wa kawaida hicho ni kiasi cha kuchekesha, lakini kwa mhandisi wa simu kilitosha. Faiba ya siku hizi hupoteza takribani desibeli 0.2 kwa kilomita, kwa hiyo ile sehemu 1 kati ya 100 huwa bado ipo hata baada ya kilomita 100.

Sasa tazameni mpangilio wa heshima. Tuzo ilifika miaka 43 baada ya chapisho. Kao alikuwa amekwisha kupatwa na ugonjwa wa Alzheimer, na hotuba yake ya mshindi ilitolewa na mkewe, Gwen. Hockham, ambaye mwaka huo alikuwa angali hai, hakuwemo. Hawakuwemo pia Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz, wale watafiti wa kampuni ya kioo ya Corning nchini Marekani ambao mwaka 1970 walitengeneza uzi wa kwanza ulioshuka chini ya kiwango hicho cha desibeli 20. Wao walikuwa wamepewa nishani ya taifa ya teknolojia ya nchi yao mwaka 2000. Sina ugomvi na ushindi wa Kao, kwani bila swali lake hakuna ambaye angehangaika kukisafisha kioo kiasi kile. Ninachosema ni kwamba mtu akisoma taarifa ya Desemba ile peke yake ataondoka akidhani kazi ilianza na kuisha kwa mtu mmoja.

Mfano wa pili ni kioo cha dirisha. Januari 1959 kampuni ya Pilkington ya St Helens, Uingereza, ilitangaza kwamba imeweza kutengeneza kioo bapa kwa kukielesha juu ya bati lililoyeyuka. Wasioijua kazi hii huenda wasione uzito wa jambo hilo. Kabla ya hapo, kioo cha ubora wa juu kilipitishwa kati ya marola, kikatoka kikiwa na makovu pande zote mbili, na ikabidi kisuguliwe na kung'arishwa pande zote mbili hadi kinyooke, kazi iliyokula mchanga, maji, umeme na sehemu nzuri ya kioo chenyewe. Katika njia ya kuelesha, utepe wa kioo huingia juu ya bati ukiwa na joto la nyuzi 1,000 na ushei za Selsiasi na kutoka ukiwa na nyuzi kama 600, umekwisha kukakamaa kiasi cha kubebwa na marola bila kukwaruzika. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 tu, kwa hiyo hubaki majimaji safari nzima. Upande wa chini wa kioo hunyooshwa na uso wa bati, upande wa juu hunyooshwa na uzito wake wenyewe na moto, na hewa iliyomo ndani ni naitrojeni yenye haidrojeni kidogo ili bati lisishike kutu.

Aliyepewa sifa ni Alastair Pilkington, ambaye kwa kioja cha aina yake hakuwa wa ukoo wa wenye kampuni ingawa jina ni moja. Alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka 1969, na mwaka 1970 akapewa cheo cha Sir. Haki yake. Lakini hataza za mwanzo zina jina la pili, Kenneth Bickerstaff, na kati ya wazo la mwaka 1952 na tangazo la mwaka 1959 kulikuwa na kipindi cha miezi 14 ambapo mtambo kamili ulikuwa ukitoa kioo usiku na mchana na chote kikawa hakiuziki. Miezi 14! Mimi humfikiria mtu wa zamu ya usiku katika kipindi hicho, anayeingia kazini akijua kwamba kila atakachokizalisha hadi asubuhi kitavunjwa na kurudishwa tanurini.

Tuzo za tasnia yenyewe nazo zimefuata mkondo huohuo. Kamati ya Phoenix, iliyoundwa mwaka 1971 na wauzaji wa vifaa na huduma kwa viwanda vya kioo, huteua Mtu wa Mwaka wa Kioo, na msisitizo uko kwenye neno "mtu". Tuzo ya utafiti ya Otto Schott, iliyoanza kutolewa mwaka 1991, huwaendea wanasayansi. Zote ni za heshima na sizibezi. Swali langu kwenu ni hili: ikiwa kila mwaka tunahesabu majina, habari ya kioo yenyewe tunaipata wapi?

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu wa Kemia

Mleta mada, nakushukuru kwa uzi wenye mashiko, ila nakupinga kidogo.

Tuzo humtaja mtu mmoja kwa sababu binadamu hukumbuka sura, hakumbuki kamati. Hata mimi darasani, nikitaka wanafunzi washike kwa nini kioo si fuwele, naanza na Zachariasen na chapisho lake la mwaka 1932 kuhusu mpangilio wa atomu katika kioo, wala sianzi na orodha ya maabara. Jina ni msumari wa kutundikia maarifa.

Tena yapo majina ambayo nyuma yake wamejificha watu wengi. W. E. S. Turner alianzisha idara ya teknolojia ya kioo katika chuo kikuu cha Sheffield mwaka 1915, wakati wa vita, baada ya Uingereza kugundua kwamba vioo vyake vya maabara na vya macho ilikuwa ikivinunua kutoka kwa adui. Mwaka uliofuata alianzisha jumuiya ya wataalamu wa kioo. Leo Tume ya Kimataifa ya Kioo, iliyoanzishwa mwaka 1933, hutoa tuzo yenye jina lake. Ukimpongeza mtu kwa jina la Turner unapongeza shule nzima.

Kuna jambo dogo ambalo siwezi kuliacha, hata kama litaonekana la pembeni. Mwaka 1943 Turner alimwoa msanii wa kioo, Helen Nairn Monro, na bibi harusi alivaa gauni lililofumwa kwa nyuzi za kioo. Gauni hilo lipo hadi leo katika jumba la makumbusho la kioo huko Sheffield lenye jina la Turner. Aliyewahi kushika sufi ya kioo kwa mikono mitupu anajua inavyowasha. Ningependa kujua bibi harusi aliimalizaje siku hiyo.

Fundi wa Tanuri

Wakuu, heshima zenu. Mimi niko upande wa moto kwa miaka 17 na nitazungumzia kile mleta mada alichokiita habari ya kioo yenyewe, kwa sababu naona iko wazi: habari ya kioo ni moto. Mengine ni mapambo.

Kwa wasiowahi kuchungulia tanuri: huwezi kutazama ndani kwa macho makavu. Ni lazima uvae miwani ya kioo cha buluu, na bila hiyo huoni kitu isipokuwa weupe, kwa kuwa kuta, miali na kioo vyote vinang'aa kwa kiwango kimoja. Ukivaa miwani ndipo picha inapojitokeza. Unaona malighafi iliyotoka kumwagwa, mchanga, magadi na mawe ya chokaa, ikielea juu ya ziwa la kioo kama visiwa vyeusi vyeusi, vinatokota pembezoni, vinapungua, vinasukumwa polepole na mkondo hadi vinapotelea. Joto hapo ni nyuzi 1,500 na zaidi. Visiwa vikisogea mbele kupita pale panapostahili, unajua saa kadhaa baadaye upande wa baridi, yaani wale wanaokikagua kioo kikishapoa, watakupigia simu wakilalamikia mapovu.

Tanuri hilo likishawashwa halizimwi kwa miaka 15, pengine zaidi. Ukiliacha lipoe, kioo kilichomo kinagandia ndani na matofali yanapasuka. Ndiyo maana ninauona mwaka 2022 kuwa mwaka wa ajabu kuliko yote niliyofanya kazi. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeutangaza, kwa azimio la Mei 2021, kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kioo. Ulifunguliwa Geneva mwezi Februari kwa hotuba nzuri sana, na Desemba ukafungwa kwa mikutano Tokyo na New York. Hizo zote zilikuwa sherehe halali, na Alicia Durán, aliyeiongoza Tume ya Kimataifa ya Kioo katika kuupigania mwaka huo, alifanya kazi kubwa. Lakini katikati ya ufunguzi na ufungaji bei ya gesi asilia Ulaya ilipanda hadi viwanda vikaanza kujiuliza kama kuyeyusha kuna maana. Tarehe 1 Novemba 2022, wiki chache kabla ya hotuba za kufunga, kiwanda cha Duralex karibu na Orléans, Ufaransa, wale wa bilauri zisizovunjika kirahisi, kililaza tanuri lake. Halikuzimwa, lililazwa, yaani liliachiwa moto wa kutosha tu kukifanya kioo kisigande, bila kutoa hata bilauri moja, kwa takribani miezi mitano.

Kulaza tanuri ni kazi ngumu kuliko kuliendesha. Unachoma gesi ya gharama kubwa kwa ajili ya kutofanya kitu, na zamu zinaendelea vilevile kwa sababu lazima mtu akae aangalie joto. Hakuna tuzo ya Desemba kwa ajili ya mtu huyo, hapo namwunga mkono mleta mada asilimia mia.

Yaliyofuata mnayajua. Aprili 2024 kampuni iliwekwa chini ya usimamizi wa mahakama, na Julai mwaka huohuo mahakama ya biashara ya Orléans ikawapa wafanyakazi wenyewe waiendeshe kama ushirika. Mimi ningehesabu tukio hilo kuwa habari ya mwaka 2024 katika tasnia yetu kabla ya uzinduzi wowote. Wengine wataniambia habari ya mwaka ule ni tanuri la kampuni ya chupa ya Verallia huko Cognac, Ufaransa, linaloyeyusha kwa umeme mtupu tani hadi 180 za kioo cha chupa kwa siku. Nalo si dogo, maana kwa miaka mingi tuliambiwa umeme unafaa kwa matanuri madogo tu.

Mfunga Madirisha

Fundi, samahani kwa swali la mtu wa nje. Kama moto ndiyo shida, kwa nini msiyeyushe chupa kuukuu na vioo vilivyovunjika tu, mkaachana na mchanga?

Fundi wa Tanuri

Ndugu yangu, swali lako si la mtu wa nje, ndilo swali lenyewe.

Vigae vya kioo, yaani hivyo vipande vya chupa na vioo vilivyovunjika, huyeyuka kwa urahisi kuliko malighafi mpya, kwa kuwa kazi ya kuvunja mchanga ilishafanyika mara ya kwanza. Hesabu tunayoitumia kazini ni kwamba kila ukiongeza vigae kwa asilimia 10 nishati inapungua kwa asilimia 2.5 hadi 3. Zaidi ya hapo, magadi na mawe ya chokaa yanapopashwa moto hutoa hewa ya kaboni dioksidi kutoka ndani yake yenyewe, hata kama moto wako ni wa umeme. Vigae havitoi, kwa sababu vilishaitoa. Mei 2022 kampuni ya Saint-Gobain walifanya jaribio huko Aniche, Ufaransa: walizalisha kioo bapa kwa vigae vitupu, wakitumia gesi itokanayo na taka na umeme usio wa makaa, ili kuonyesha kwamba kaboni yaweza kufika sifuri.

Kwa nini basi si kila siku? Kwa sababu vigae safi havitoshi. Kwenye chupa, Ulaya hukusanya takribani asilimia 80 na wamejiwekea lengo la asilimia 90 ifikapo 2030. Kioo cha dirisha ni taabu zaidi. Jengo likibomolewa, kioo huchanganyika na zege, alumini na gundi, na kipande kimoja cha kauri chenye ukubwa wa punje ya mchele kinatosha kuwa jiwe ndani ya kioo kipya. Wewe unayefunga madirisha ndiye unayeweza kutusaidia kuliko profesa yeyote: ukitoa kioo cha zamani, kitenge.

Mwalimu wa Kemia

Niongeze kwa ufupi. Njia nyingine ni kubadilisha mapishi yenyewe. Mwaka 2023 John Mauro na wenzake wa Chuo Kikuu cha Penn State walitangaza familia ya kioo waliyoiita LionGlass, isiyotumia magadi wala chokaa kwa namna tuliyoizoea, na wakasema inayeyuka kwa nyuzi 300 hadi 400 chini ya kioo cha kawaida. Mauro si mgeni, aliwahi kuwa Corning na ni miongoni mwa waliohusika na Gorilla Glass, kile kioo kigumu cha skrini za simu. Hata hivyo kati ya sufuria ya maabara na tanuri la tani mia kadhaa kuna bonde refu, kwa hiyo mimi sijapiga makofi bado.

Bi. Mkaguzi

Hamjambo ndugu zangu. Nimesoma uzi wote tangu juu, na kwa heshima zote nina masahihisho mawili kwa mleta mada.

La kwanza. Umesema pongezi humwangukia mtu mmoja, lakini umeiruka Desemba 2023. Mwezi huo kamati ya UNESCO ya urithi usioshikika ilikutana Kasane, Botswana, na ikaingiza katika orodha yake ujuzi wa kutengeneza kioo kwa mikono, uliowasilishwa kwa pamoja na nchi sita: Ufaransa, Ujerumani, Hispania, Hungaria, Finland na Cheki. Hapo hakutajwa mtu. Kilichotajwa ni mikono, pumzi, na namna fundi mmoja anavyomwelewa mwenzake bila maneno wakati donge la kioo liko kwenye bomba na sekunde zinakwisha. Miaka mitatu nyuma, Desemba 2020, ushanga wa kioo wa Italia na Ufaransa ulikuwa umepewa heshima hiyohiyo. Tena katika kikao cha Kasane, upulizaji wa kioo wa asili wa Syria uliingizwa kwenye orodha nyingine, ile ya urithi unaohitaji kunusuriwa haraka. Hizo ni orodha mbili tofauti, na watu wengi walioripoti walizichanganya. Ya kwanza inasema "tunakuona." Ya pili inasema "tunakuona, na tunaogopa utatutoka." Fundi wa Tanuri atafurahi kusikia kwamba mafundi hao wa Syria hutumia vigae vya kioo kilichotupwa, katika tanuri la matofali. Walikuwa huko kabla ya kila jaribio la kaboni sifuri.

La pili ni kuhusu mashine. Mleta mada anazungumza kana kwamba kumsahau mfanyakazi ni dhambi pekee. Ipo pia dhambi ya kumkumbuka kwa uzuri asiokuwa nao. Kabla ya mashine ya chupa ya Michael Owens, iliyoundiwa kampuni mjini Toledo, Marekani, mwaka 1903, karakana za chupa zilijaa watoto. Walibeba chupa za moto kutoka kwa mpulizaji hadi tanuri la kupoozea, kwenda na kurudi, zamu nzima, mara nyingi usiku. Owens mwenyewe aliingia kiwandani akiwa na umri wa miaka 10, akikoleza makaa. Mwaka 1913 kamati ya kitaifa ya kupinga ajira ya watoto ya Marekani ilikiri kwamba mashine hiyo imewaondoa watoto viwandani kuliko sheria zilivyoweza. Iliwaondoa pia wapulizaji watu wazima waliokuwa na ujuzi na mshahara mzuri, na hao hawakupewa hata barua. Mimi kauli hiyo ya kamati naiona kuwa tuzo ya haki kuliko nyingi, na bado nikiifikiria naona wote wawili: mtoto aliyekwenda kulala, na pia fundi aliyekwenda kutafuta kazi nyingine.

Kuhusu upande wetu wa baridi, nami nitoe langu dogo. Kuna kasoro ya chupa ambayo mashine zetu za kamera huishika vizuri siku hizi, lakini nilipoanza tuliitafuta kwa macho mbele ya taa: uzi mwembamba wa kioo unaokatiza ndani ya chupa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, mithili ya ute wa buibui. Hutokea kuta mbili za chupa ikiwa laini zinapogusana ndani ya kalibu kisha zikaachana. Uzi huo ukivunjika baada ya chupa kujazwa, vipande vyake humezwa na mtu. Usiku mmoja mwenzangu aliuona mmoja, akasimamisha mstari, akaagiza chupa za saa mbili zilizopita zirudishwe zote na kuvunjwa. Msimamizi alimgombeza kwa sababu ya hesabu ya uzalishaji. Katika vigae vile tulikuta nyuzi nyingine tisa. Mwisho wa mwaka ulipofika, cheti cha zamu bora kilikwenda kwa zamu iliyotoa chupa nyingi.

Mchanga na Magadi (mleta uzi)

Bi. Mkaguzi, dada yangu, nimenyoosha mikono juu. Desemba 2023 niliijua na sikuiweka, kwa sababu ingeivuruga hoja yangu, na hilo si jambo la kujivunia. Kuhusu Owens sina la kujibu. Kuhusu cheti cha zamu yenu ninalo, ila halifai kuandikwa hapa.

Mwalimu, hoja yako ya msumari naikubali nusu. Jina ni msumari mzuri, tatizo ni pale ukuta unaposahaulika. Swali la bibi harusi wa Sheffield nami ningependa jibu lake.

Nilipoanzisha uzi huu nilikuwa na mfano mmoja ambao niliuacha kwa kuogopa urefu, na kwa kuwa mmeshafika hapa nauleta. Ni wa kioo cha darubini ya mlima Palomar, California, chenye kipenyo cha mita 5 na ushei, ambacho kilikuwa kikubwa kuliko kioo chochote cha darubini kilichowahi kumiminwa. Kilimiminwa Corning, jimbo la New York, chini ya mwanafizikia George McCauley. Mara ya kwanza ilikuwa Machi 1934, mbele ya wageni na waandishi wa habari. Watu walichota kioo kwa vijiko vikubwa mno vilivyoning'inizwa juu kwa reli, kijiko baada ya kijiko, wakakimwaga kwenye kalibu lenye mabonge ya matofali ya kuacha mashimo kwa nyuma ili kioo kisiwe kizito kupita kiasi. Joto likalegeza vyuma vilivyoyashikilia mabonge hayo, yakang'oka moja baada ya jingine na kuibuka juu ya kioo mbele ya macho ya wageni wote. Wakarudia Desemba mwaka huohuo, safari hii wakiwa na vyuma vinavyostahimili moto zaidi. Kikakubali.

Kisha ikaanza kazi isiyo na picha: kukipoza. Walikishusha joto kidogo kidogo kwa miezi kumi, kwa sababu kioo kinene kikipoa haraka hubaki na mkazo ndani yake na siku moja hupasuka chenyewe. Julai 1935 mto wa hapo ulifurika, maji yakaingia kiwandani, ikabidi mitambo ya umeme iliyokuwa ikilinda joto hilo ihamishwe na kioo kikae bila umeme kwa muda. Hakikupasuka. Mwaka 1936 kilisafirishwa kwa treni hadi California, kikasuguliwa kwa miaka, vita vikaingia katikati, na darubini ikazinduliwa mwaka 1948.

Leo kile cha kwanza, kilichoharibika mbele ya wageni, kimesimamishwa katika jumba la makumbusho la kioo la Corning, na watu husimama mbele yake wakaona yale mashimo ya nyuma na ukubwa wa kazi. Kile kilichofaulu kiko mlimani, uso wake umefunikwa utando wa alumini ili urudishe nuru ya nyota, na aliyesimama mbele yake hakioni kioo hata kidogo.